Ruhusa ya Fundi Viatu

Mtafiti alikuwa ameficha majina yote, na hilo alilirudia mpaka askari wa hifadhi wakachoka kulisikia. Alisimama mbele ya ukumbi wa kituo, shuka jeupe limetundikwa ukutani, mashine yake inamulika maandishi makubwa juu ya shuka. Alikuwa binti wa chuo kikuu, mwenye adabu zake, aliyekaa nao msimu mzima akiuliza nani anaamua nini katika ulinzi wa msitu, wanaume wana nguvu wapi na wanawake wapi. Leo amerudi kuwasomea alichokipata kabla hajakipeleka kwa walimu wake. Na jamani, watafiti wangapi hurudi? Wengi wakishapata yao huwaoni tena. Huyu alirudi, na kwa hilo tu anastahili shukrani, hata kama kurudi kwenyewe nusura kuvunje nyumba ya watu.

"Kama nilivyoahidi," akasema, "hamtaona jina la mtu hapa."

Akabonyeza. Kwenye shuka yakatokea maneno: *Tangu nijifungue sijarudi doria. Nimebakizwa kambini, napika, nafagia, bunduki yangu iko ghalani. Nikimuuliza mkuu ananiambia nisubiri zamu. Naona ananidharau.* Na chini yake, kwa herufi ndogo: askari wa kike, mama wa mapacha.

Askari wa kike mle ukumbini walikuwa wachache, wangeenea kwenye benchi moja. Mwenye mapacha alikuwa mmoja tu, na kituo kizima kilimwita hivyo hivyo: Mama Pacha. Vichwa vikamgeukia. Yeye akakaza macho kwenye shuka, akijifariji kwamba alilolisema ni kweli na mkuu wa kituo akitaka kununa na anune.

Mtafiti hakuona kitu. Akabonyeza tena. *Mkuu aliniita pembeni akaniuliza kama naridhia mke wangu awe analala msituni. Nikamwambia hapana, ambakishe karibu. Mke wangu sikumwambia. Mambo mengine ni ya wanaume.* Chini yake: mume wa askari, fundi viatu.

Fundi viatu pale alikuwa mmoja, na kila buti lililokuwa chini ya viti vya ukumbi ule lilikuwa limepita mikononi mwake.

"Ebo!" dereva wa kituo akaropoka kutoka nyuma. "Kumbe zamu inasubiriwa nyumbani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wasiopenda kucheka walicheka, maana kicheko kama hicho hakimpigii mtu hodi. Mama Pacha hakutoka. Alijua akitoka wataongea, na akikaa wataongea, basi bora akae. Alimtazama mkuu wa kituo, mzee mnene mwenye sare iliyopigwa pasi ikanyooka, naye mkuu akawa anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati ambamo hamkuwa na kitu.

Mkutano ulipokwisha alimfuata.

"Mkuu, ni kweli?"

"Ni kweli. Sasa ugomvi wako na mimi uko wapi? Mwenye mke ndiye aliyesema."

"Doria ya Jumatatu, nipange."

"Mumeo aje hapa aseme ameridhia, nakupanga hapo hapo. Asipokuja, jiko lipo." Akaondoka zake, na hatua zake zilikuwa za mtu anayekimbia bila kutaka kuonekana anakimbia.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza, na kibaraza ndicho kilikuwa kiwanda cha fundi. Alikuwa ameketi katikati ya soli na visigino, buti la mtu mapajani, sindano mkononi. Ndani, mama yake mzazi alikuwa anawaogesha mapacha kwenye beseni, maji yanaruka, kelele juu. Bibi huyo alihamia kwao tangu wajukuu wazaliwe, ili mkwe wake apate nafasi ya kwenda kazini.

"Umewahi leo, Mama Pacha," fundi akasema. "Mkutano ulikuwaje?"

"Mzuri. Nimejifunza mengi." Akaketi kwenye kigoda cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimejifunza kwamba mambo mengine ni ya wanaume."

Sindano ikasimama.

"Yule binti alisema hataji majina!"

"Hajataja. Ameandika fundi viatu. Mko wangapi hapa?"

Fundi alifungua mdomo aseme wako wengi, akaufunga.

"Lile lilikuwa neno la kupita tu, mke wangu. Tulikuwa tunazungumza, yeye ananiletea buti..."

"Mwaka mzima, Baba Pacha! Mwaka mzima narudi hapa nanuka moshi wa jikoni kwao, nakaa, namlalamikia mkuu wa kituo. Na wewe unaniambia nini? 'Vumilia mke wangu, yule mzee ana roho mbaya.' Ulisema hukusema?"

"Nilisema."

"Na miguu ukanikanda."

"Nilikukanda."

"Unanikanda miguu na huku unajua ni wewe uliyenisimamisha!"

Bibi akatokea mlangoni, mjukuu mmoja amemwinamisha begani kama taulo, analowa maji.

"Kuna nini?"

Mama Pacha akamweleza. Hakutia chumvi, wala hapakuwa na haja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe, na fundi akajua leo hana wakili.

"Kwa hiyo mimi nimeacha nyumba yangu," bibi akasema polepole, "nimekuja kulala kwenye mkeka na viuno hivi, nalea hawa watoto wawili wenye mapafu kama tarumbeta, ili mama yao akalinde msitu. Kumbe nalea ili akapike? Si angepika hapa!"

"Mama, na wewe..."

"Na mimi nini? Kupika hata hapa kupo!"

Akarudi ndani na mjukuu wake, akiendelea kusema na beseni. Mama Pacha alitaka kuendelea kuwa na hasira, lakini kilichokuja kilikuwa machozi, na hakuyazuia. Ilimuuma kuliko kicheko cha ukumbini. Mtu aliyecheka ukumbini hakuwahi kumshika mkono wakati anajifungua.

"Niambie kwa nini," akasema. "Usinidanganye tena."

Fundi akaweka buti chini. "Yule askari aliyeletwa amechomwa mkuki na majangili. Nilimwona anashushwa kwenye gari. Buti lake lililetwa hapa nilioshe damu, nishone. Nikaota ni lako."

"Hofu, basi."

"Hofu." Akajikuna shingo. "Na maneno. Walikuwa wananiambia hapa hapa, wakingoja viatu vyao: fundi, mkeo analala porini na wanaume, wewe umelala na gundi."

"Ni kipi? Hofu au maneno?"

"Vyote."

Mama Pacha alitikisa kichwa. Jibu hilo lilimchoma, lakini angalau lilikuwa jibu.

"Basi kesho naenda kwa mkuu," fundi akasema kwa haraka, kama mtu aliyeona mlango. "Namwambia nimekuruhusu. Yamekwisha."

"Uthubutu!" Akasimama. "Uniruhusu wewe? Nililala kwenye matope ya mafunzo, nikapiga shabaha mbele ya wakaguzi, nikaapa kwa mkono wangu, halafu uniruhusu wewe? Leo umefurahi umeniruhusu, kesho umenuna unaniondolea ruhusa. Ukienda kuniruhusu, navua hii sare. Sitanii, Baba Pacha."

Akaingia ndani. Fundi akabaki amekodoa macho. Mkuu hampangi mpaka yeye aseme, na yeye akisema mke anaacha kazi aliyoipenda kabla hata hawajajuana. Aliliokota buti, akatoboa tundu la sindano mahali pasipotakiwa tundu.

Mtafiti alifika asubuhi iliyofuata, macho mekundu. Dereva ndiye aliyemweleza alichokifanya, tena kwa kumpongeza, na binti wa watu hakula chakula tangu hapo. Bibi alimkuta mlangoni.

"Umekuja kuandika na kilio chetu?"

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Sikubeba hata kalamu."

"Mwache aingie, mama," Mama Pacha akasema kutoka ndani.

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Pacha mmoja akamtambalia na kuanza kumvuta kamba ya kiatu, naye hakuthubutu kumgusa.

"Chuoni kwetu ukiondoa jina, mtu amefichika," akasema. "Nilizoea kufikiria watakaosoma kule. Sikufikiria watakaosikiliza hapa. Na maneno yako na ya kaka niliyaweka sehemu mbili tofauti, ya kazini na ya nyumbani. Nilipoyasoma yakifuatana pale mbele, hata mimi sikuona yameoana."

"Kule kwenu nimefichika. Hapa hata mbuzi wananijua."

"Nitayafuta yote, dada. Yako na yake."

Mama Pacha akafikiri. Upande wa pili wa ukuta nyundo ya fundi, iliyokuwa ikigonga tangu alfajiri, ikawa haisikiki.

"Futa mapacha, futa fundi viatu," akasema. "Maneno yaache. Ni ya kweli."

"Nimekosa, dada."

"Umekosa. Na nakushukuru. Yote mawili." Alimnyanyua mtoto aliyekuwa amekwishaifungua kamba. "Ningezeeka namchukia mkuu wa kituo peke yake, na kumbe nusu ya kosa nilikuwa nalala nalo kitanda kimoja. Bora nimejua. Inauma, lakini nashukuru nimejua. Sasa kunywa chai, umekonda kwa siku moja."

Mtafiti akalia, bibi akamletea chai yenye sukari ya kutosha wageni watatu, na hapo ndipo aliposamehewa rasmi.

Wakati anatoka, fundi alimzuia kibarazani, akajifanya anakagua kisigino chake.

"Binti, wewe umesoma. Sasa mtu afanyeje? Nikinyamaza, anapika. Nikisema ndiyo, anaacha kazi."

"Kaka, mimi huwa nauliza watu tu," akajibu. "Majibu sina. Hata dada nilimuuliza alitaka nini wakati ule, akaniambia swali hilo hajawahi kuulizwa na mtu."

Fundi alikishika kile kiatu muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Kisha akamrudishia.

Siku ile ile, jua likiwa kali, fundi alivua aproni yake ya ngozi, akanawa gundi mikononi, akaenda kituoni. Alizoea kwenda pale kupeleka buti. Leo mikono ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Uani askari walikuwa wanaosha gari la doria. Upande wa jiko, Mama Pacha alikuwa anakata kabeji juu ya meza, kwa sare yake kamili. Alipomwona mumewe anakatiza uwanja, kisu kilikata hewa.

"Ahaa, fundi!" Mkuu akatokea kwenye veranda ya ofisi. "Nilikuwa nakusubiri. Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha, mkuu."

"Sawa. Umekuja kuruhusu?"

"Hapana."

"Umekuja kukataza?"

"Hapana."

"Labda kaja kuuza gundi!" dereva akasema, na waliokuwa wanaosha gari wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Fundi alisikia masikio yanamwaka moto. Hawa ndio wateja wake, kesho wataketi kwenye kigoda chake na kumwangalia usoni. Akajikaza.

"Nimekuja kuchukua neno langu," akasema. "Lile la mwaka jana. Halikuwa la kwangu kulitoa."

"Fundi, usinizungushe. Ndiyo au siyo?"

"Mimi si askari, mkuu. Bunduki siijui, doria siendi. Unaniuliza mimi wa nini? Mwenyewe yule pale, ana kisu mkononi. Muulize."

Safari hii waliocheka walimcheka mkuu, na mkuu alilisikia. Uso ukamvimba.

"Mnadhani napenda kuwauliza waume za watu?" akasema kwa ukali. "Mnadhani ni raha? Kabla ninyi hamjaja, mume mmoja aliingia hapa na panga. Hapo getini. Akampiga mkewe mbele yangu, na sare yake mwilini, eti nani kamruhusu kulala porini. Mimi ndiye niliyembeba yule mama mpaka zahanati. Mimi! Damu yote hapa kifuani. Tangu siku hiyo nikasema kwanza mume, ndipo doria. Nawalinda, nanyi mnanicheka."

Hakuna aliyewahi kulisikia hilo. Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye bomba mpaka mtu mmoja akakumbuka kulifunga. Mama Pacha aliweka kisu juu ya kabeji, akafuta mikono kwenye suruali, akaja mpaka chini ya veranda.

"Pole, mkuu," akasema, na alimaanisha. "Pole sana, na asante kwa kumbeba mwenzetu. Lakini ulitakiwa umfunge yule mume. Ukatufunga sisi."

Askari mwingine wa kike, aliyeitwa Mrefu kwa sababu zilizoonekana, akasogea kutoka kwenye gari, tambara mkononi.

"Na mimi je, mkuu? Wangu alisema nini?"

"Wako alisema sawa."

"Kumbe naenda doria kwa sawa yake! Na mimi nilidhani ni kwa miguu hii!"

Wakacheka tena, ila sasa hapakuwa na mtu aliyechekwa peke yake. Mkuu alivua kofia, akajifuta jasho la kipara. Ukimtazama hapo ungemwonea huruma: mzee aliyebeba woga wa miaka mingi akauita utaratibu, na leo umeshushwa mbele ya watu. Alikanyaga ngazi, akashuka mpaka chini waliposimama.

"Mama Pacha," akasema. "Unataka kwenda doria?"

Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa mwaka mzima juu ya masufuria, ina mafunzo ndani yake, ina shabaha, ina haki. Yote ikampotea.

"Nataka," akasema. Halafu, kwa kuwa ameulizwa kweli akaona ajibu kweli: "Naogopa kidogo, nimekaa muda mrefu. Lakini nataka."

"Anayesema haogopi simpeleki. Jumatatu." Akarudisha kofia kichwani. "Na ile kabeji aje aimalize dereva, anaonekana ana nafasi."

Waliporudi nyumbani jioni walitembea njia moja, yeye mbele, fundi nyuma kidogo.

"Asante," Mama Pacha akasema bila kugeuka.

"Usinishukuru."

"Nitashukuru ninavyotaka. Na bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakaa nayo sana."

"Kaa nayo," fundi akasema, "ilimradi ukae nayo nyumbani." Akasikia mkewe anajizuia kucheka, na moyo wake, uliokuwa juu juu tangu jana, ukatulia. Alishukuru kimya kimya, maana alijua wanaume waliopoteza nyumba kwa kosa dogo kuliko lake.

Jumatatu gari la doria liliondoka na Mama Pacha alikuwa ndani yake. Kufika saa nne mawingu yalikuwa yameshuka juu ya msitu, meusi, na upepo ulikuwa unapeperusha vipande vya ngozi kibarazani. Bibi alikuwa amepumzisha kiuno chake ndani. Pacha mmoja alikuwa mgongoni kwa baba yake, amefungwa kwa kanga ya mama yake, na wa pili alikuwa chini anatafuna ulimi wa kiatu cha mteja. Fundi alikuwa anashona, lakini kila baada ya mishono kadhaa macho yalikwenda kule kwenye mawingu. Mara mbili alikuwa amejichoma kidole.

Mwenye duka la jirani alikuja kufuata viatu vyake, akakuta kimoja ndicho kinachotafunwa. Akakiokoa, akakifuta, akaketi kwenye kigoda.

"Mwenyewe yuko wapi leo, mpaka wewe unabeba mtoto?"

"Doria."

"Jioni anarudi?"

"Analala huko huko. Mpaka wamalize."

Mwenye duka akatazama mtoto mgongoni, akatazama kanga, akatazama yale mawingu. Akasogeza kigoda karibu, kama wanaume wanavyosogea wanapotaka kusemeshana ya kiume.

"Na wewe, fundi, umemruhusu?"

"Hakuniomba."

"Hakukuomba! Mkeo! Na umenyamaza?"

Ngurumo ilisikika mbali, upande wa msitu. Fundi aliisikiliza mpaka ikaisha. Akamrekebisha mtoto mgongoni, akachukua sindano.

"Nashukuru Mungu hakuniomba," akasema. "Angeniomba, ningekataa tena."